Taa za nje zinaangusha umeme nyumba nzima mvua ikinyesha: tafuta tatizo hatua kwa hatua mpaka ulipate

Kila masika na vuli zikianza napigiwa simu zile zile. Mvua imepiga usiku, umeme umekatika nyumba nzima, jirani anao, LUKU ina yuniti za kutosha, ukirudisha RCD (ile breka pana inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini) inaanguka tena hapo hapo. Mwenye nyumba ashanunua breka mpya, ashabadilisha balbu zote za ukuta wa fensi, na bado. Jua likishakausha, akirudisha RCD inakaa, anasema imepona, mvua ya pili inapiga tunarudi pale pale.

Wengi wanaoshindwa wanashindwa sehemu moja. Wanazima breka ya taa za nje, RCD inaendelea kuanguka, basi wanasema tatizo sio taa za nje, wanaanza kufukua friji na pasi na pampu ya maji. Kumbe ile breka ndogo kwenye nyumba zetu nyingi inakata fezi (waya unaoleta umeme) peke yake, nyutro (waya unaourudisha) haikatwi, na nyutro ndo imegusana na ethi (waya wa kwenda ardhini) ndani ya boksi lililojaa maji huko getini. Ukielewa hilo tu umeshapita nusu ya kazi.

## Vifaa, viwe mkononi kabla hujafungua chochote

- Maltimita, hata ya bei ya kawaida, ila waya zake ziwe nzima.
- Tesa ya bisibisi. Ya kusaidia tu, usiitegemee kukwambia umeme haupo.
- Megga ya volti 500, kifaa cha kupima kama ngozi ya waya inavujisha umeme, kama unaweza kuazima kwa fundi. Bila hiyo kazi inawezekana ila utatembea sana.
- Bisibisi bapa na nyota, plaisi, kisu cha kumenyea waya.
- Konekta mpya, boksi za kuungia za nje zenye mpira kwenye mfuniko, na glandi za kupitishia waya.
- Tepu ya umeme, silikoni, maka peni, karatasi.
- Ngazi ya mbao au ya faiba, sio ya alumini.
- Viatu vikavu vya raba na tochi ya kuvaa kichwani.
- Mtu wa pili. Huyu usimruke, ni wa lazima.

## Kabla ya kuanza

Usifanye hii kazi mvua inanyesha au ukuta ukiwa unatiririka maji. Najua ndo wakati tatizo linaonekana, ila subiri iishe, maboksi yatabaki na maji ndani kwa masaa mengi tu, ushahidi haukimbii.

Mita ya LUKU, waya unaotoka kwenye nguzo, na lakiri za TANESCO usiguse kabisa. Kazi yako inaanzia baada ya mein swichi.

Kama nyumba ina inveta, sola au jenereta, nazo zizimwe. Nimeshakuta taa za geti zimepelekwa kwenye laini ya inveta, mein swichi imezimwa, kila mtu anajua hakuna umeme, na waya una volti 230 mzima mzima.

Na kama hujawahi kufungua boksi la breka maishani mwako, hatua ya 1 na ya 2 zifanye mwenyewe, zilizobaki mwite fundi mwenye leseni ya EWURA umpe ulichoandika. Utamwokolea nusu siku na wewe hela.

## Hatua ya 1: Soma dalili, usikimbilie bisibisi

Kwanza nenda kwenye boksi uangalie ni kipi kimeanguka. Breka ndogo ya taa, au RCD, ile pana yenye kitufe kilichoandikwa T. Watu wanasema tu "breka imekata" na hapo ndo wanapotea maana hivi vitu viwili vinaangalia mambo tofauti kabisa.

Breka ndogo ikianguka ni umeme mwingi umepita, yani shoti ya fezi na nyutro, au mzigo umezidi. Taa za nje kawaida zinakaa kwenye breka ya ampea 6 au 10 na waya wa 1.5 (milimita za mraba).

RCD ikianguka ni umeme umetoka kwa fezi lakini wote haujarudi kwa nyutro, sehemu yake imepita ardhini. Za majumbani nyingi ni za miliampea 30, kiasi kidogo mno ambacho breka ya kawaida haiwezi kukiona.

Hakuna kilichoanguka ila taa hazizimi au haziwaki basi ni waya umekatika, kiungo kimelegea, swichi au fotoseli (kile kifaa kinachowasha taa chenyewe giza likiingia).

Taa zinawaka hafifu ukiwa umezima, hizi za LED hasa, mara nyingi swichi imewekwa kwenye nyutro badala ya fezi, au ni swichi ile yenye taa ndogo ndani yake. Kama ni swichi imekata nyutro hiyo ni hatari kweli, maana unabadilisha balbu ukijua umezima kumbe holda ina fezi.

Sasa kuna nyumba hazina RCD kabisa na wenye nyumba wanafurahi kwamba "kwetu haikati". Naomba uniskilize hapa. Nyumba zetu nyingi zinategemea ethi rodi iliyopigwa chini nje. Tuseme rodi yako ina ukinzani wa ohm 50, na kuna nyingi zina zaidi hasa kiangazi ardhi ikikauka. Fezi ikigusa taa ya chuma iliyoungwa ethi, umeme utakaopita ni 230 gawanya kwa 50, ampea 4.6. Breka ya ampea 10 haitatikisika. Geti la chuma lililoungwa na ethi hiyo hiyo linabaki na umeme usiku kucha, mtoto anakuja kulifungua asubuhi amevaa kandambili zimelowa. Na LUKU inaliwa pia, ampea 1 tu ikivuja mchana na usiku ni kama yuniti 5 na nusu kwa siku. Kwa hiyo kama huna RCD, hiyo ndo iwe kitu cha kwanza kununua.

Ukimaliza hatua hii uwe umeandika kwenye karatasi: kilichoanguka ni nini, ilikuwa mvua au kukavu, taa zilikuwa zimewashwa au zimezimwa.

## Hatua ya 2: Chora laini yako

Zunguka nyumba na karatasi. Hesabu taa zote za nje ukianzia ile unayodhani inapokea umeme kwanza, za ukutani, za nguzo za fensi, ya getini, ya bandani, ya choo cha nje. Zipe namba. Weka alama palipo na boksi la kuungia na palipo na waya unaoingia ardhini.

Usisahau vitu ambavyo sio taa. Kengele ya geti, mota ya geti, soketi aliyoomba mlinzi ya kuchajia simu. Hivi vinaungwa baadaye na fundi mwingine na hakuna anayekumbuka.

Kama taa 1 mpaka 5 zinawaka na 6 mpaka 9 haziwaki kabisa, ushapata jibu bila kifaa, angalia kiungo cha kutokea 5 kwenda 6. Mara nyingi ubaya uko kwenye taa ya mwisho inayowaka, sio kwenye ya kwanza isiyowaka, watu wanafungua ile iliyokufa wanakuta safi wanachanganyikiwa.

## Hatua ya 3: Hakikisha kwenye boksi kwamba ni laini ya nje

Zima breka ndogo zote. Washa RCD.

Ikikaa, washa breka moja moja, subiri kidogo kila moja. Itakayoiangusha ndo laini ya kushuku kwanza, ila nyutro ya laini nyingine ikigusa ethi nayo inaweza kuiangusha ukiwasha mzigo wowote.

Ikikataa kukaa na breka zote zimezimwa, usiseme RCD imekufa. Hii ndo ile hali niliyosema mwanzo, kuna nyutro inagusa ethi. Zima mein swichi, zima vyanzo vingine vyote, pima kwa maltimita kwamba hakuna umeme. Namna ya kupima: gusa kwanza sehemu unayojua ina umeme, hata soketi ya jirani, uone 230, afu pima unapotaka kufanya kazi uone 0, afu rudi tena kwenye yenye umeme uone maltimita bado ni nzima. Watu wamekufa kwa kuamini kifaa chenye betri iliyoisha. Kumbuka pia waya unaoingia mein swichi kutoka LUKU bado una umeme hata ukizima, usiusogelee.

Sasa kwenye ile baa ya nyutro chomoa nyutro moja ya laini ya taa za nje. Kabla hujaichomoa ibandike tepu uandike namba ya breka yake. Izibe ncha kwa konekta, funga mfuniko wa boksi, washa mein swichi halafu RCD, breka ndogo zikiwa bado zimezimwa. Ikikaa umeipata laini. Isipokaa rudisha hiyo nyutro, chomoa inayofuata, kila mara ukizima na kupima upya.

Kama hakuna iliyosaidia, zitoe zote kwa pamoja; nyutro zote zikiwa zimetoka na bado inaanguka, hapo ndo unaweza kuishuku RCD yenyewe.

Mafanikio ya hatua hii: nyumba nzima ina umeme, RCD imekaa, na laini ya taa za nje imekatwa kote kuwili, fezi kwa kuzima breka yake na nyutro kwa kuichomoa. Hata ukiishia hapa leo familia italala na friji inafanya kazi.

## Hatua ya 4: Kata laini katikati

Hapa watu wanaanza kufungua taa moja moja kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Usifanye hivyo. Una taa 8? Nenda ya 4. Fungua boksi lake, tenganisha fezi na nyutro zinazoendelea kwenda ya 5, ziba ncha zake kwa konekta. Ethi iache ilivyo.

Rudi ndani, rudisha fezi na nyutro ya laini, funga boksi, washa. Mtu wa pili asimame mbali na taa zote akizuia watoto. RCD ikikaa, ubaya uko 5 mpaka 8. Ikianguka uko 1 mpaka 4. Zima, pima, nenda katikati ya ile nusu mbovu, rudia. Taa 8 unamaliza kwa kukata mara 3 tu, na taa 16 ni mara 4.

Swichi ya taa lazima iwe imewashwa wakati wa kujaribu, maana ikizimwa ule waya wa fezi baada ya swichi hauna umeme na ubaya uliopo pale hautaonekana. Kama kuna fotoseli, izibe kwa kitambaa cheusi ili ijue ni usiku.

Kama una megga ni raha zaidi, hauhitaji kuwasha umeme kabisa. Toa balbu na taa za LED na fotoseli kwanza, volti 500 inaua vidude vyake vya ndani, na laini iwe imetolewa kwenye RCD. Pima nyutro kwenda ethi, fezi kwenda ethi, afu fezi kwenda nyutro. Kama kuna taa haitoki, unga fezi na nyutro pamoja upime kwenda ethi tu. Kinachokubalika ni megaohm 1 kwenda juu, ila laini nzuri kavu inakupa makumi au mamia, mi nikiona 2 au 3 siridhiki naendelea kutafuta.

Kwa nini maltimita peke yake haitoshi? Inapima kwa betri yake ndogo. Kuna unyevu na chumvi ambavyo havipitishi umeme vikisukumwa na volti chache lakini vikisukumwa na 230 vinapitisha vizuri tu. Ndo maana fundi anapima anasema hapa hamna kitu, ukiwasha inaanguka.

## Hatua ya 5: Fungua pale ulipofika uangalie kwa macho

Sasa una sehemu moja, au waya mmoja kati ya taa mbili. Umeme umezimwa, umepimwa. Fungua.

Kwa uzoefu wangu utakachokuta ni kimoja kati ya hivi:

Viungo vya kusokota kwa mkono vilivyofungwa tepu nyeusi. Hiki ndo kinaongoza na kwa mbali. Tepu ikipigwa jua na mvua gundi inaachia, maji yanaingia na hayatoki. Shaba inakuwa ya kijani. Ukiwa Kigamboni, Mbezi Beach, Bagamoyo, Tanga, popote upepo wa bahari unafika, chumvi inafanya hiyo kazi haraka sana.

Maji ndani ya taa. Yanaingia kwa tundu la juu lililotobolewa na fundi ili apitishe waya kirahisi.

Wadudu. Sisimizi, nyigu, mijusi. Mjusi anapenda joto la taa, anakaa kati ya teminali mbili, anakaukia pale. Kinyesi chake kikilowa kinapitisha umeme.

Waya mweupe wa kawaida wa ndani ya nyumba uliozikwa ardhini bila bomba. Huu jembe limeshaupiga au mchwa wamekula ngozi yake. Ukikuta huu usihangaike kuunga, utaunga leo sehemu moja na masika ijayo sehemu nyingine. Badilisha kipande chote kwa kebo ya ama, ile yenye chuma ndani, au pitisha kwenye bomba, kina cha sentimita 50 angalau na uweke utepe wa tahadhari juu yake kabla ya kufukia.

Skrubu iliyouma ngozi ya waya. Mfuniko ulirudishwa kwa nguvu, waya ukabanwa. Hapa inaweza kuanguka hata kukiwa kukavu.

## Tesa inawaka kote kote

Hili linauliziwa sana. Taa haiwaki, ukiweka tesa kwenye fezi inawaka, ukiweka kwenye nyutro nayo inawaka, mtu anasema fezi mbili zimeingia. Sivyo. Nyutro imekatika nyuma yako, kuelekea kwenye boksi la breka, na fezi inapita kwenye taa nyingine inarudi kwako kwenye waya wa nyutro. Tafuta kiungo cha nyutro kilicholegea kuanzia hapo kurudi nyuma. Na huo waya wa nyutro unapiga shoti kama fezi, usiushike ukidhani ni salama.

## RCD inaanguka ukiwasha taa tu, mvua au jua

Kama megga inasema kila kitu kizuri na bado inaanguka sekunde ile ile unapowasha taa, hata kiangazi, uliza fundi alichukua wapi nyutro. Kuna wavivu wanaleta fezi kutoka laini ya taa afu nyutro wanaokota kwenye soketi ya karibu au laini nyingine isiyopita RCD hiyo. Umeme unatoka mlango mmoja unarudi mlango mwingine, RCD inahesabu umepotea. Dawa ni kurudisha nyutro ya laini yake yenyewe, hakuna njia ya mkato, na kuitoa RCD sio dawa.

## Fotoseli

Ikiwasha na kuzima usiku kucha kila baada ya dakika chache, mwanga wa taa yenyewe unairudia. Igeuze au isogeze isiione taa. Ikiwaka mchana na usiku, iangalie kama kioo chake kimepauka au kimejaa vumbi. Waya zake mara nyingi ni nyeusi kuingiza fezi, nyeupe nyutro, nyekundu kwenda taa, lakini soma mchoro uliobandikwa kwenye yako. Ukikosea ukaunga nyekundu na nyeupe kinyume unaweza kuichoma kabla hata giza halijaingia.

## Hatua ya 6: Unga upya ili isirudi

Kata shaba ya kijani yote mpaka ufike kwenye inayong'aa. Usiikwangue, ikate. Tumia konekta ndani ya boksi la nje lenye mpira. Taa za sehemu yenye paa juu IP44 (namba ya kiwango cha kuzuia vumbi na maji, imeandikwa kwenye taa) zinatosha, ila juu ya nguzo ya fensi na getini chukua IP65.

Waya uingie kwa chini, na kabla ya kuingia ushuke kidogo kisha upande, ili maji yadondokee pale kwenye kona badala ya kufuata waya mpaka ndani.

Silikoni paka juu na pembeni ya taa inapokutana na ukuta. Chini usipake. Nasisitiza maana kila siku nakuta taa zimezungushiwa silikoni pande zote, maji yakishapata kaupenyo juu yanakaa ndani kama kwenye kikombe.

Ethi iungwe kwenye kila taa ya chuma, na geti lenyewe pia. Rangi mpya ni kahawia fezi, bluu nyutro, kijani na njano ethi. Nyumba za zamani ni nyekundu, nyeusi, kijani. Kwenye ukarabati utakuta zimechanganyika, kwa hiyo pima, usiamini rangi.

Na usipandishe breka kutoka 10 kwenda 20 au 32 eti isianguke. Waya wa 1.5 utakuwa ndo fyuzi yako, utaungulia ndani ya ukuta.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla mvua haijakujaribu

Pima megga tena laini nzima. Washa, bonyeza kile kitufe cha T, RCD lazima ianguke papo hapo, isipoanguka badilisha. Acha taa ziwake usiku mmoja.

Kesho yake zima laini, pima kwamba imekufa, chukua mpira wa maji umwagie taa na maboksi kutokea juu kama mvua, dakika kama 10 kila moja. Usipige maji ya presha, mvua haipigi hivyo. Pima megga tena. Namba ikibaki pale pale au ikishuka kidogo tu umemaliza. Ikiporomoka fungua ile uliyoimwagia mwisho.

Ile karatasi ya mchoro andika juu yake namba za megga za kila kipande na tarehe, ibandike ndani ya mlango wa boksi la breka. Masika ijayo ukipima ukakuta kipande cha getini kimeshuka kutoka megaohm 80 mpaka 4, unajua ni boksi lipi la kufungua, na RCD itakuwa bado haijaanguka hata mara moja.